Namna ya Kusema "Si" Ulaya Bila Kuozwa

Mswahili huzaliwa na "si" mdomoni. Mtoto hajajua hata kufunga kamba za viatu, ameshajua kusema "si mimi". Glasi imevunjika: si mimi. Sukari imepungua koponi: si mimi. Akikua anaongezewa nyingine, si mchezo, si haba, si hoja, si neno, na siku akisimama mbele ya hakimu anagundua kwamba herufi hizi mbili ndizo zinazotenganisha kurudi nyumbani na kulala rumande. Sijui neno jingine fupi kiasi hicho linalofanyishwa kazi nyingi kiasi hicho.

Sasa tazama watu wetu wanavyosafiri kwenda Ulaya. Wanapima mizigo mara tatu, wananunua sweta za mtumba, wanaficha dagaa na unga katikati ya nguo, wanakariri anwani ya mwenyeji wao mpaka wanaiota. Hakuna anayekagua "si" aliyoibeba. Inapita kwenye mashine za uwanja wa ndege bila kulia, inatua Roma, na kabla mwenyewe hajachukua begi lake imeshageuka kuwa "ndiyo".

Nimeandika mwongozo huu kupunguza madhara. Unawafaa watalii, wanafunzi, wanakwaya, na mashemeji waliokwenda kutembea wiki mbili wakakaa. Hauna dhamana.

Hatua ya kwanza: Kaa mbali na mtu aliyejifunga utepe wa rangi tatu

Nchini Italia, ukimwona mtu amejivika begani utepe wa kijani, mweupe na mwekundu, huyo ni meya au aliyetumwa na meya, na huenda yuko pale kufungisha ndoa. Shughuli yenyewe haichukui muda. Anasoma vifungu vya 143, 144 na 147 vya sheria yao ya madai, vinavyosema wanandoa watakuwa waaminifu, watasaidiana, watakaa pamoja na watalea watoto wao. Kisha anamgeukia kila mmoja, mbele ya mashahidi wawili, anamuuliza kama anamtaka mwenzake. Jibu linalosubiriwa ni silabi moja, ambayo wao huiandika na alama juu yake: "sì". Waitaliano wenyewe wakitaka kusema fulani kaoa, husema tu kwamba kasema "sì".

Sasa wewe umealikwa, na umesogea karibu mno na maua kwa sababu unataka picha nzuri ya kutuma nyumbani. Meya anakutupia jicho. Unaogopa, unajitetea kama ulivyozoea tangu utotoni: "Si mimi, bwana, si mimi." Hapo umekubali mara mbili. Ukijaribu kueleza kwamba mmekuja kikundi, "sisi ni wageni", unazidi kuzama, maana "sisi" masikioni mwa Mwitaliano ni mtu anayekubali kwa pupa. Kitakachokuokoa ni kwamba serikali ya Italia inataka vyeti kabla ya harusi, na kwa mara ya kwanza maishani utamshukuru Mungu kwamba huna cheti.

Hispania ni hivyohivyo, ila wao huongeza neno: "Sí, quiero." Kitenzi hicho kimoja kinabeba kutaka na kupenda kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kujitetea baadaye kwamba ulitaka tu, hukupenda.

Na ni Madrid ambako silabi hii iliwahi kushtakiwa hadharani. Mwaka 1806 Leandro Fernández de Moratín alileta jukwaani tamthilia aliyoiita El sí de las niñas, yaani "ndiyo" ya wasichana. Binti wa miaka 16 ametoka kulelewa na watawa, mama yake amemtafutia mume wa miaka 59, na wote wanasubiri binti aseme "sí" kwa sauti ya adabu. Hoja ya Moratín ni kwamba "sí" ya mtu ambaye hakufundishwa neno jingine ni mwangwi tu wa sauti ya aliyemuuliza. Mzee mwenyewe, kwa heshima yake, ndiye anayegutuka, akagundua kwamba moyo wa binti uko kwa mpwa wake, akajiondoa. Sisi wa pwani tulirahisisha mambo zaidi: mwari akiulizwa kama ameridhia, akinyamaza, kimya chake kikahesabiwa ndiyo. Wahispania angalau walimdai silabi.

Hatua ya pili: Usibishane na vibao

Kila aliyepita mitaa ya Dar es Salaam ameona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Ukifika Italia utaona ukuta mzuri zaidi umebandikwa SI VENDE, nawe utapita ukisema kimoyomoyo, masikini, hata huku matapeli wapo. Kibao hicho kinasema nyumba inauzwa. Mwenye kutaka amani huandika NON SI VENDE. Kukataa kumekaa kwenye "non", na "si" imebaki palepale ikiuza.

"Si" hii haina alama juu yake, na wala haina undugu na ile ya harusini. Inatoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya "mwenyewe" na hufanya kazi inayokaribiana na "-ji-" yetu. Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa "nyumba inajiuza", tafsiri ambayo siipendekezi mbele ya wakwe. Wakati mwingine hurukia nyuma ya kitenzi: VENDESI, AFFITTASI. Ya pili ni ya kupangisha. Uliza kodi kabla ya kucheka.

Hatua ya tatu: Kabla ya kuichukia, jua ukoo wake

Warumi walijenga barabara, mifereji ya maji, na sheria ambazo wanafunzi wetu wa chuo wanazitokea jasho hadi leo. Neno moja maalumu la "ndiyo" hawakuwa nalo. Ukimuuliza Mrumi "Umekula?" alirudia kitenzi: nimekula. (Waayalandi katika lugha yao ya asili hufanya hivyo mpaka sasa, ndiyo hawana, hapana hawana, na wanaishi.) Au alijibu "ita", au "etiam", au "sic". Hii ya mwisho ilikuwa kidole kilichonyooshwa kikapewa sauti: hivi, hivyo, namna hiyo. Ndani yake kuna "si" kongwe iliyobandikwa kijimkia cha kuonyeshea, na "si" hiyohiyo ikiachwa bila mkia ndiyo iliyowapa Warumi neno lao la "kama". Kwa hiyo tangu kuzaliwa ilikuwa na sharti upande mmoja na ridhaa upande wa pili, kama mkataba wa kupanga chumba.

Karne ya 12 huko Ufaransa, mwalimu mmoja mgomvi aitwaye Pierre Abélard alitunga kitabu Sic et Non. Aliuliza maswali 158 ya dini, na chini ya kila swali akapanga kauli za mababa wa Kanisa zinazopingana, kisha akaondoka bila kuwasuluhisha. Jina la kitabu hicho linaingia kwenye Kiswahili bila kusukumwa: Ndivyo, Sivyo. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilikwenda kunywa maji. "Sic" yake ni "ndivyo" yetu hasa. Na "si" yetu ipo palepale kwenye jina, ila imekaa ng'ambo ya pili, ndani ya "sivyo". Silabi mbili zinazolingana sauti, kila moja imekalia sahani yake ya mizani.

Dola la Roma lilipovunjika, wajukuu waligawana mirathi. Waitaliano, Wahispania na Wakatalani walichukua "sic", wakaikata mkia, wakaifanya ndiyo. Wareno wakaipitisha puani ikawa "sim". Hawa tunawajua: walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakatuachia meza, bendera, leso, karata na gereza. "Sim" hawakutuachia. Baada ya kutupa gereza, huenda hawakuona haja ya kutuomba ridhaa. Na hata kwao hawaitumii ovyo. Ukimuuliza Mreno kama amekula, mara nyingi atarudia kitenzi kama babu yake Mrumi.

Waromania ndio walionichekesha. Waliichukua "sic" ileile, wakaiandika "și" na kuitamka karibu na "shi", kisha wakaipa kazi ya "na": chai na maziwa, baba na mama. Wakabaki bila ndiyo. Ikabidi waazime "da" kwa majirani zao Waslavi, kama mtu aliyeuza jiko asubuhi, jioni akaenda kuomba moto kwa jirani.

Kaskazini mwa Ufaransa walishika njia nyingine. Walisema "hoc ille", kitu kama "hilo, yeye", likafupika likawa "oïl", likafupika tena likawa "oui". Kusini wakaona "ille" ni mzigo, wakabaki na "hoc" peke yake, nayo ikawa "oc". Mwanzoni mwa karne ya 14 Dante Alighieri aliwagawa watu hawa kwa namna wanavyokubali: watu wa oc, watu wa oïl, watu wa sì. Aliyaandika hayo katika De vulgari eloquentia, kitabu cha kutetea lugha za mama, na utetezi huo aliuandika kwa Kilatini, na hakuumaliza. Ndugu zangu mnaotetea Kiswahili kwenye makongamano kwa Kiingereza, babu yenu huyo hapo. Eneo la Languedoc bado linabeba jina la mgawanyo huo, lugha ya oc. Jaribu kuchora Afrika Mashariki kwa kipimo hicho: nchi ya Ndiyo, nchi ya Ee, nchi ya Naam, na mpaka unapita katikati ya sebule moja, maana kaka akiitwa anaitika "naam" na dada yake "abee".

Hebu sasa ivunje "ndiyo" yetu. "Ndi-" ya kukazia, "-yo" ya kuonyeshea: hiyo hasa, ndiyo hiyo. Mfaransa wa kale alisema "hilo, yeye", wa kusini akasema "hilo", Mwitaliano akasema "hivyo", na Mswahili, ambaye hakuwahi kuketi nao meza moja, akasema "hiyo". Wote waliombwa ridhaa, wote wakanyoosha kidole. Kidole kikinyooshwa, swali ni kinaelekea wapi, na hapo ndipo hatua ya nne inapoanza kuuma.

Lakini kwanza nimalize ukoo. Yupo mtoto mmoja wa "sic" ambaye hakubadilisha hata herufi; anaishi ndani ya mabano ya wahariri. Mhariri akinukuu sentensi ya mtu yenye kosa, huweka "sic" pembeni yake, maana yake: ndivyo alivyoandika mwenyewe, mimi nimeikuta hivi. Hiyo ni "si mimi" ya wasomi. Glasi imevunjika, sic.

Hatua ya nne: Kaa chonjo na swali lililokanusha (wasomaji wa Goma, Bukavu na Lubumbashi mnaweza kuruka, shule iliwachapa mapema)

Mfaransa ana "oui" ya kila siku, kama viatu vya kazini. "Si" ameiweka kabatini kwa kazi moja: kumpinga mtu aliyekanusha. Mama anasema, "Wewe hujanawa mikono." Mtoto anajibu, "Si!" Yaani nimenawa, umenisingizia. Akijibu "oui" mama atabaki anamtazama, kwa sababu haijulikani mtoto amekubali kosa au amejitetea. Wajerumani wana "doch" kwa kazi hiyo, Waswidi na Wadenishi wana "jo".

Waingereza nao walikuwa na chombo hicho, wakakipoteza. Zamani swali la kawaida lilijibiwa kwa "yea" au "nay", na swali lililokanusha likajibiwa kwa "yes" au "no". Mwaka 1532 Thomas More alimkaripia kwa maandishi William Tyndale, mfasiri wa Biblia, kwamba ametumia "no" mahali pa "nay". Katika kuieleza kanuni, More akaikosea mwenyewe. More alikatwa kichwa mwaka 1535. Tyndale akanyongwa na kuchomwa moto mwaka 1536. Si kwa sababu ya neno hilo, lakini walimu wanaopenda fimbo wanaweza kuzitunza tarehe hizo.

Na hiyo "yes" unayoisema kila siku, ipasue uone. Wachunguzi wengi wa asili ya maneno wanaona ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yaliyoshikana, "gea" na "si", na "si" hii ni ya tatu sasa, umbo la kitenzi cha kuwa: na iwe hivyo. Miaka yote hiyo tunasema "yes" shuleni, kumbe mkiani mwake kuna "si".

Sasa sisi. Mswahili akiulizwa "Hujala?" na tumbo ni tupu, anajibu "Ndiyo." Ndiyo, umesema kweli, sijala. Kidole chake kinaelekea kwenye maneno ya muulizaji. Cha Mzungu kinaelekea kwenye sahani: sahani haina kitu, jibu ni "no". Wote wawili wana akili timamu, wote wawili wana njaa, na wamepingana.

Haya nisingeyajua kama yasingenikuta. Kwenye dirisha la ubalozi mmoja ambao sitautaja, dada mwenye miwani alinisomea maswali kwa Kiingereza. Hujawahi kukamatwa na polisi? Nami mtu wa adabu, nikamthibitishia: "Yes." Akainua macho. Hujawahi kunyimwa viza? "Yes," nikasema tena, kwa uhakika zaidi, nikitaka aone kwamba sina wasiwasi. Akaanza kuandika. Nilipoona kalamu inakwenda mbio nikajua mambo yameharibika, nikakimbilia nyumbani kwenye Kiswahili changu kutafuta jibu salama. Na Kiswahili kina jibu salama kwa maswali ya namna hii. Umeoa? Bado. Una watoto? Bado. Umejenga? Bado. Hukukubali, hukukataa, na hukumfungia Mungu mlango. Nikaichukua "bado" hiyo, nikaivalisha suti ya Kiingereza.

"Kukamatwa na polisi," nikamwambia kwa unyenyekevu, "not yet."

Viza niliipata mwaka uliofuata, kwa dirisha lilelile, baada ya kujifunza kujibu kama Mrumi: kwa kurudia kitenzi. Sijawahi kukamatwa. Sijaoa. Nitarudi. Ukichukua kitu kimoja tu katika mwongozo huu, chukua hicho.

Kwa Ufaransa nimebakiza neno moja. Mbali na "si" ya ubishi, wana "si" ya "kama" na "si" ya "sana, kiasi hicho", na zote tatu zinaandikwa sawasawa bila hata nukta ya kuzitofautisha. Tafadhali yao, "s'il vous plaît", ni "si" ya "kama" iliyomezwa nusu: kama inakupendeza. Kwa hiyo Mfaransa akikuomba chumvi amekuwekea sharti, na kama haikupendezi unaweza kubaki na chumvi yako. Sijajaribu.

Hatua ya tano: Ukivuka kwenda mashariki, usikasirike

Ljubljana, Zagreb, Belgrade, watakuambia uso kwa uso: "Ti si doktor." Usitoe cheti kuthibitisha. Wamesema wewe ni daktari. "Si" kwao ni "ni" ya nafsi ya pili, kitenzi cha kuwa, na haina uhusiano wowote na "sic" ya Warumi. Ndugu yake wa mbali ni "asi" ya Kisanskriti. Slovakia pia wanayo, "ty si". Huko mtu anaweza kukusifu kutwa nzima, wewe ni mwema, wewe ni mrefu, wewe ni rafiki yangu, nawe ukaenda kulala unalia.

Albania watakusalimu "Si je?", maneno mawili ambayo kwa macho ni yetu kabisa. Ni "u hali gani", na jibu ni "mirë". Hapohapo Albania "jo" ni hapana, ingawa Uswidi ulikotoka ilikuwa ndiyo ya ubishi. Ugiriki "nai" ni ndiyo. Uturuki "hayır" ni hapana, nayo ni neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi "heri", kwa hiyo ukimsikia Mturuki amekataa kwa sauti laini usijibu amina. Bulgaria wanatikisa kichwa kukubali. Kaskazini mwa Uswidi wanakubali kwa kuvuta pumzi ghafla, kama mtu aliyeungua na chai. Msubiri amalize, usimpige mgongoni.

Hatua ya sita: Kwa wanakwaya

Mwanakwaya wetu amelelewa na do, re, mi, fa, so, la, ti. Akiingia kwaya ya Italia, Ufaransa au Hispania, pale kwenye "ti" wenzake wataimba "si" na yeye atadhani wimbo umekataliwa. Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11, alizipa noti sita majina kutoka kwenye mwanzo wa mistari ya tenzi moja ya Kilatini ya Yohana Mbatizaji. Ya saba iliongezwa baadaye sana, kwa kuunganisha herufi za kwanza za Sancte Ioannes, Yohana Mtakatifu. "Ti" ni kazi ya mwalimu Mwingereza, Sarah Glover wa Norwich, ambaye katika karne ya 19 aliona "so" na "si" zinaanza kwa herufi moja na zitawachanganya watoto. Njia yake ndiyo iliyokuzwa na wenzake ikaja kwetu na wamisionari, na mpaka leo ukichungulia daftari la mwalimu wa kwaya utaiona t yake imetulia pembeni ya l. Huyu mama ndiye mtu pekee katika habari hii yote aliyeitazama "si", akaona itasumbua, akaitoa.

Ziko na nyingine zisizomdhuru mtu. Si ya wanakemia ni silikoni, elementi namba 14. SI ya herufi kubwa ni mfumo wa vipimo uliopewa jina hilo mwaka 1960, ule wa mita na kilo. Pita.

Hatua ya saba: Ukirudi, kagua na ile uliyoiacha nyumbani

Kikulacho ki nguoni mwako. Tumezunguka Ulaya yote tukiisema "si" ya watu, na hatujaiuliza yetu imekuwa wapi. Mtu wa Nairobi akikuambia "Si uje!" amekualika. "Si unipe mia?" ni ombi, na ni ombi la mtu anayejua unayo. "Si ndiye yule?" ni yeye, hakuna mwingine. Muuza samaki wa Tanga anayekuambia "si umeona mwenyewe" hakatai kwamba umeona, anakushika shahidi. Hakuna kinachokanushwa popote hapo. "Si" hiyo inasema wewe na mimi tunajua ni hivyo, na mzee wa Kirumi angeitikia "sic" bila kuhitaji mkalimani.

Kwa hiyo usipande ndege ukidhani wao ndio wenye neno lisiloaminika. Beba dagaa wako, jibu kwa sentensi nzima, na harusini simama nyuma karibu na mlango. Na ukirudi likizo ya Desemba na pete kidoleni, na mama mkwe anayepiga simu kila Jumapili kutoka Verona kuuliza lini mtahamia, usije kwangu na machozi.

Si nilikuambia?